Karatasi tupu miguuni pa kitanda: uzembe unaoua baada ya upasuaji

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa asiyehitaji upasuaji wa kichwa alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake. Watu walipiga kelele katika nchi zote mbili, na walikuwa na haki. Lakini matukio kama hayo ni machache. Vifo vingi vinavyofuata upasuaji haviingii magazetini, kwa sababu hakuna kisu kilichokosea njia. Mgonjwa amepasuliwa vizuri, ameshonwa vizuri, amerudishwa wodini saa 10 jioni. Karatasi ya vipimo iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda chake ina mistari miwili ya jioni ile, kisha mmoja wa saa 12 asubuhi. Katikati pako wazi.

Nataka kuandika juu ya hapo katikati. Uzembe wa baada ya upasuaji mara nyingi ni jambo ambalo halikufanyika: kipimo hakikuchukuliwa, simu haikupigwa, daktari hakuja. Na jambo lisilofanyika halionekani kwa macho. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda usiku kucha hawezi kuliona mpaka ajue nini kilipaswa kufanyika, na saa ngapi.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na hali nzuri kuliko wanaopasuliwa kwingineko duniani, lakini walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia. Vifo vilikuwa 239, na kati ya hivyo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Ni asilimia 94. Waliojifungua kwa upasuaji walihesabiwa peke yao katika taarifa ya mwaka uliofuata: takriban mama mmoja kati ya kila 200 alifariki, kiwango kinachozidi cha nchi tajiri kwa mara 50 hivi.

Si kila kifo katika hesabu hiyo ni uzembe. Kidonda huingia vijidudu hata kwenye hospitali bora, damu huvuja hata mikononi mwa bingwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha hospitali zenye vifo vingi vya upasuaji na zenye vifo vichache, wakakuta kwamba matatizo yaliyowapata wagonjwa yalikaribiana. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Hospitali nzuri ziliyaona mapema na kuyashughulikia, nyingine zilichelewa. Kwa hiyo swali la kuuliza si "kwa nini alipata tatizo?" tu. Uliza tatizo lilianza saa ngapi, nani aliliona, na alifanya nini.

Pale anapokabidhiwa

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina sehemu tatu. Ya tatu hufanyika kabla mgonjwa hajatoka chumbani: vitambaa, sindano na vyombo vinahesabiwa, upasuaji uliofanyika unatajwa kwa sauti, kisha mpasuaji, mtoa ganzi na muuguzi kila mmoja anasema kinachomtia wasiwasi kuhusu mgonjwa huyu. Mara nyingi ndiyo sehemu inayorukwa. Timu imechoka, mwingine anasubiri kwenye machela, na tiki zote zinawekwa kwa mkupuo mmoja. Kitambaa kinachokutwa tumboni miezi mitatu baadaye kwa kawaida kina karatasi inayosema hesabu ilikamilika.

Kisha huja makabidhiano kwa muuguzi wa wodi, na hapa ndipo mengi hupotea. "Mama ametoka salama" si makabidhiano. Makabidhiano ni kama hivi (oksitosini ni dawa ya kukaza kizazi): "Amepoteza mililita 900. Kizazi kilikuwa kinalegea, tumempa oksitosini saa 9 na nusu. Mpime kila robo saa, shika kizazi kila mara, mapigo yakipita 110 nipigie mimi." Muuguzi aliyeambiwa hivyo anajua anamtafuta adui gani. Aliyeambiwa "salama" ataanza na mgonjwa anayelia zaidi, na mama anayevuja damu tumboni huwa hapigi kelele.

Karatasi yenyewe

Karatasi ya uangalizi inabeba vitu saba: mapigo ya moyo, presha, pumzi kwa dakika, joto, oksijeni, fahamu na mkojo. Miongozo inatofautiana kidogo, lakini ratiba ya kawaida kwa aliyetoka kupasuliwa ni kila dakika 15 kwa saa ya kwanza hadi ya pili, kila nusu saa kwa saa chache zinazofuata, kila saa mpaka atulie, ndipo iwe kila saa 4. Anayeonyesha dalili mbaya anarudishwa kwenye kila dakika 15, hata kama ni siku ya tatu.

Pumzi ndicho kipimo kinachodanganywa zaidi. Hakina mashine katika wodi nyingi. Kinataka muuguzi asimame, aangalie kifua kikipanda na kushuka, ahesabu dakika nzima. Matokeo yake unakuta faili ambalo kila mstari pumzi ni 20, kwa wagonjwa wote, kwa siku zote. Ni hasara kubwa, maana pumzi ni kati ya vitu vya kwanza kubadilika mwili unapoanza kushindwa, iwe kwa damu, kwa vijidudu au kwa mapafu. Mtu mzima anayepumua mara 26 kwa dakika akiwa amelala kimya anaumwa, hata kama presha yake inapendeza.

Karatasi iliyojazwa asubuhi kwa usiku mzima nayo inajulikana. Wino ni mmoja, mkono ni mmoja, saa zimenyooka kama rula, na joto ni 36.5 kutoka juu hadi chini. Kipimo halisi kina ukorofi wake: kimoja cha saa 4 na dakika 10, kingine cha saa 4 na dakika 40 kwa sababu muuguzi aliitwa kwingine. Ningeamini karatasi yenye mapengo kuliko iliyonyooka kupita kiasi.

Damu isiyoonekana

Nakaa zaidi kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwa kuwa huo ni kati ya upasuaji mkubwa unaofanyika kwa wingi zaidi katika hospitali zetu na damu ndiyo inayoua haraka.

Mtu mzima wa kilo 70 ana lita 5 hivi za damu. Anaweza kupoteza lita moja na zaidi, presha yake ya juu ikasoma 110 kana kwamba hakuna kitu. Moyo unakimbia kufidia, mishipa ya mikono na miguu inajibana, ngozi inakuwa baridi. Presha huanguka mwishoni, na ikianguka muda umebaki mfupi. Mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida, hivyo huficha kwa muda mrefu zaidi. Hata kipimo cha wingi wa damu (HB) kikichukuliwa mapema kitasoma vizuri, kwa sababu damu iliyobaki haijachanganyika bado na maji. Anayetegemea presha na HB peke yake atagundua wakati wa kukata tamaa.

Ipo hesabu isiyohitaji mashine yoyote zaidi ya zile zilizopo: gawanya mapigo kwa presha ya juu. Mapigo 80 kwa presha 120 ni 0.67, sawa. Mapigo 115 kwa presha 105 ni 1.1. Kwa aliyetoka kujifungua, ikipita 0.9 ni onyo, na ikifika 1 watu waache walichokuwa wakifanya. Ukitazama namba mbili zile kila moja peke yake, 115 na 105, hazimtishi mtu. Ndiyo maana zinapita.

Damu inakwenda wapi? Kizazi kilicholegea hujaa damu ndani kama mfuko, na pedi ikabaki karibu safi. Mshipa uliokatika kwenye pembe ya mshono wa kizazi humwaga damu tumboni, na hapo pedi haitaonyesha chochote. Kwa hiyo muuguzi hapaswi kuishia kuangalia pedi. Anatia mkono tumboni: kizazi kinapaswa kuwa kigumu kama mpira, usawa wa kitovu au chini yake. Kikipanda juu na kuwa laini, kinajaa. Tumbo likizidi kuvimba na mama analalamika bega linamuuma, damu inaweza kuwa imefika chini ya kiwambo cha kifua. Pedi ikilowa chepechepe kabla ya saa moja kuisha, hapo hata asiyejua anajua.

Dalili nyingine ni tabia, nayo hueleweka vibaya sana. Mama anageukageuka, anaomba maji, anatokwa jasho la baridi, anasema hewa haimtoshi, anavua kanga. Anaambiwa anadeka. Anaambiwa wenzake wamepasuliwa wametulia. Kutotulia huko ni ubongo unaokosa damu ya kutosha, na katika orodha yangu ya makosa yasiyosameheka neno "anadeka" liko karibu na juu.

Kinachopaswa kufuata kinafahamika. Kizazi kinasuguliwa, kanula mbili kubwa (mirija ya dripu) zinawekwa, oksitosini inatolewa, na asidi ya traneksami, dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, gramu 1 inaingizwa polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Kila robo saa ya kuchelewa inapunguza faida ya dawa hiyo kwa asilimia 10 hivi, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Damu inaombwa mara moja, na aliyempasua anaitwa.

Yanayokwama ni haya. Oksitosini ilipaswa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini ilikaa juu ya kaunta kwenye joto la Dar au Mombasa, imepoteza nguvu. Kundi la damu halikupimwa kabla ya upasuaji, hivyo saa 7 usiku ndugu wanatumwa kutafuta wachangiaji. Maji ya dripu yanamiminwa lita baada ya lita. Presha inapanda kidogo, kila mtu anapumua, wakati maji yale yanaizimua damu iliyobaki na kuifanya ishindwe kuganda. Na jambo gumu kuliko yote: mgonjwa anatakiwa kurudishwa mezani, lakini aliyempasua anasita, kwa sababu kurudi ni kukiri. Saa mbili za kusita zimeua akina mama wengi ambao mshono mmoja ungewaokoa.

Simu isiyopigwa

Katika mafaili ya vifo utakuta mara nyingi kwamba namba mbaya iliandikwa. Mapigo 124, saa 5 usiku, yapo, yamesainiwa. Halafu hakuna kitu. Au kuna maneno "daktari amejulishwa", bila jina, bila saa, bila alichojibu. Maneno hayo hayamlindi mgonjwa na kisheria hayamlindi muuguzi. Anayepiga simu aandike: nimempigia nani, saa 5 na dakika 20, nimemwambia nini, amesema nini. Daktari asipofika ndani ya nusu saa, apigiwe wa juu yake, na aliye juu ya huyo. Muuguzi anayempigia bingwa usiku hapaswi kukaripiwa kesho yake. Bingwa anayekaripia ameshafunga mlango ambao mgonjwa wa wiki ijayo atauhitaji.

Watafiti wa ule utafiti wa Lancet wa nchi 25 za Afrika walirudi na jaribio jingine, matokeo yakatoka 2021, katika hospitali zaidi ya 300 za nchi 28. Wagonjwa wenye hatari kubwa walipimwa mara nyingi zaidi, walilazwa mahali panapoonekana kutoka meza ya wauguzi, waliwekewa mwongozo kando ya kitanda, na ndugu waliruhusiwa kukaa nao. Vifo havikupungua. Wengine walikata tamaa na matokeo hayo. Mimi naona yanasema jambo la maana: kumtazama mgonjwa bila kuwa na wa kuja, damu ya kumpa na chumba cha kumrudisha, ni kumshuhudia tu. Uangalizi na mwitikio havitenganishwi.

Siku ya tatu hadi ya saba

Hatari ya damu ikipita, huja ya utumbo na vijidudu, ambayo ni ya polepole na inadanganya zaidi.

Aliyekatwa na kuunganishwa utumbo anaweza kuvuja pale palipounganishwa, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 7, wakati ambapo watu wameanza kuzungumzia kuruhusiwa. Dalili ya kwanza huwa mapigo yanayokataa kushuka chini ya 100 bila sababu. Kisha pumzi zinapanda, tumbo linajaa, hewa iliyokuwa ikitoka inakoma, mgonjwa anakataa uji aliokuwa akinywa jana. Joto linaweza kuja baadaye, au lisije kabisa kwa mzee.

Na joto likija, katika ukanda wetu linapewa jina haraka: malaria. Kipimo kinafanywa, kinaweza kuonyesha vimelea, kwa sababu watu wazima wa maeneo yenye malaria wanaweza kuishi navyo bila kuugua. Dawa inaanzishwa, na siku mbili zinapotea huku kinyesi kinavuja tumboni. Malaria itibiwe kama ipo. Lakini aliyepasuliwa akipata joto, kwanza mtu afunue tumbo alishike, aangalie mshono, asikilize mapafu, aangalie mguu, aangalie mkojo na mahali pa kanula. Vijidudu vikishaingia kwenye damu na mapigo yanakimbia na presha inashuka, antibayotiki iingie kwenye mshipa ndani ya saa moja. Agizo likiandikwa saa 4 asubuhi na dozi ya kwanza ikatolewa saa 10 jioni kwa sababu dawa ilikuwa inanunuliwa nje, saa hizo sita ziandikwe wazi kwenye faili.

Kuhusu kidonda nitasema machache. Dozi ya antibayotiki inayokinga ni ile inayotolewa kabla ya kukata. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2016 inakataza kuendeleza dozi za kinga baada ya upasuaji kwisha. Sindano za siku saba "kwa usalama" hazizibi pengo la mikono isiyonawiwa na toroli moja la vidonda linalozunguka wodi nzima. Usaha ukionekana, nyuzi chache zifunguliwe utoke. Kuufunika kwa bandeji mpya na kubadilisha antibayotiki ni kuuhifadhi.

Mengine yasisahaulike. Aliyepewa mofini au pethidini, dawa kali za maumivu, ahesabiwe pumzi. Zikishuka chini ya 10 na haamki akiitwa, ni dawa, na nalokisoni inayoondoa nguvu yake inapaswa kuwa karibu, si stoo iliyofungwa. Mkojo wa mtu wa kilo 60 unapaswa kufika mililita 30 kwa saa. Mfuko wenye mililita 40 baada ya saa 4 unataka maelezo, na la kwanza kuangalia ni kama mpira wa mkojo umekunjika chini ya paja. Aliyekwama muda mrefu kwenye uchungu kabla ya kupasuliwa abaki na mpira wa mkojo siku 14, maana kuutoa mapema kunaweza kumwachia fistula. Aliyefungwa plasta ngumu mguuni au mkononi, maumivu yakazidi dawa na kuwa makali vidole vikinyooshwa, plasta ipasuliwe yote mpaka kwenye ngozi usiku uleule; misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usikandwe.

Mzembe ni nani

Tufanye hesabu. Muuguzi mmoja wa usiku ana wagonjwa 40. Kumpima mmoja vizuri, vitu vyote saba, ni dakika 5. Mzunguko mmoja ni dakika 200, saa 3 na dakika 20, bila kutoa dawa hata moja, bila kumpokea mgonjwa mpya, bila kwenda msalani. Katika wodi hiyo haiwezekani kumpima mtu yeyote kila robo saa. Aliyelaza wagonjwa watatu wapya wa upasuaji hapo saa 12 jioni, huku akijua ratiba ya zamu, alijua karatasi zitabaki tupu. Kumfukuza muuguzi asubuhi ni rahisi kuliko kumuuliza mganga mfawidhi kwa nini chumba cha upasuaji kina ratiba na wodi haina watu.

Hilo halimwondolei mtu binafsi wajibu. Muuguzi aliyelala, daktari wa zamu aliyezima simu, bingwa aliyesema "nakuja" akaendelea na kliniki yake ya binafsi, hao wanajibu kwa majina yao. Mahakama za Kenya na Tanzania zimerithi kipimo cha Kiingereza kilichotokana na kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, mtaalamu alifanya ambavyo wataalamu wenzake wenye uwezo wa kawaida wangefanya? Mlalamikaji anapaswa kuonyesha mambo manne: kwamba kulikuwa na wajibu wa kumhudumia, kwamba wajibu ulikiukwa, kwamba madhara yalitokea, na kwamba madhara yalitokana na ukiukaji huo. La mwisho ndilo linaloangusha kesi nyingi. Hospitali itasema angekufa hata hivyo. Hapo saa ndizo zinazosema: mapigo yalipanda saa 4, daktari alikuja saa 11.

Ndugu aliye kando ya kitanda

Kabla ya upasuaji uliza mambo mawili: kundi la damu limepimwa, na chupa ngapi zimetengwa? Kisha uliza jina la daktari wa zamu ya usiku.

Baada ya upasuaji, uwe na daftari na kalamu. Kila anapopimwa, omba uambiwe mapigo na presha, andika na saa. Andika mkojo uliopo kwenye mfuko. Andika pedi ilibadilishwa saa ngapi na ilikuwaje. Usiifiche pedi kwa kuona aibu. Muuguzi anahitaji kuiona. Usimpe chakula wala maji kabla ya ruhusa, na kama wodi inawatoa ndugu baada ya saa za kuona wagonjwa, omba kwa msimamizi wa wodi mmoja abaki, hasa usiku wa kwanza.

Namna ya kusema ina uzito. "Hamumjali mgonjwa wetu" huzaa ugomvi. "Sista, samahani, mapigo yalikuwa 96 saa 2, sasa ni 122, na hajakojoa tangu jioni. Naomba daktari aitwe" ni maneno ambayo hakuna muuguzi anayeweza kuyapuuza kirahisi, kwa sababu yana namba na yana saa. Dakika 30 zikipita, rudi. Zikipita tena, muulize msimamizi wa zamu wa hospitali nzima yuko wapi; hospitali nyingi zinaye.

Akina mama wa nyumbani nao waelezwe mapema. Aliyepasuliwa hakandwi tumbo kwa maji ya moto, na mkaja usifungwe juu ya mshono mbichi. Kidonda kinachotoa maji siku ya 8 chini ya mkaja hakionekani mpaka kimeachia. Akirudi nyumbani na joto, harufu, damu inayoongezeka au tumbo kujaa, arudishwe siku hiyohiyo, na hospitali isimwambie asubiri tarehe yake ya kliniki.

Ikishatokea

Omba kwa maandishi nakala ya faili zima: karatasi ya uangalizi, karatasi ya dawa, maelezo ya upasuaji, karatasi ya ganzi na fomu ya ridhaa. Omba mapema, kabla mafaili hayajahamishiwa masijala. Kama amefariki na mna shaka, uchunguzi wa maiti ufanyike kabla ya mazishi. Najua ni uamuzi mgumu kwa familia nyingi, na kwa Waislamu haraka ya kuzika ina uzito wake. Lakini bila uchunguzi sababu ya kifo itabaki kuwa neno la hospitali.

Malalamiko huanza kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Yakikwama, Tanzania Bara daktari anashitakiwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya kuna baraza la madaktari na madaktari wa meno, na baraza la wauguzi. Mabaraza hayo yanaweza kumwadhibu mtaalamu katika leseni yake. Anayetaka fidia kwa kawaida anakwenda mahakamani. Huko muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Nchi zote mbili, madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Kuishitaki serikali Tanzania kunatanguliwa na notisi ya siku 90, na Kenya madai dhidi ya serikali yana ukomo wa miezi 12 tu. Wengi huanza kutafuta wakili baada ya arobaini, wanaambiwa wasubiri majibu ya tume ya hospitali, na mwaka unaisha.

Barua ya malalamiko iwe fupi: ukurasa mmoja, tarehe, jina la wodi, namba ya faili, kisha mfululizo wa saa kama ulivyo kwenye daftari. Acha hasira nje ya barua hiyo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Daftari lenyewe usimwachie mtu. Toa nakala za kurasa, asili ibaki nyumbani.